Kupima Kope Bila Kuuliza Swali

Siku yangu ya kwanza kazini nilizimia. Naanza na hilo ili ninyi mnaoingia uuguzi sasa msilisikie kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimemaliza sekondari ya uuguzi, ile tunayoiita A2, nikapangiwa chumba cha upasuaji wa macho katika hospitali moja hapa Bujumbura. Mkuu wa chumba, mtawa mrefu asiyecheka, alinipa kibano nishike. Daktari akaipindua kope ya mgonjwa kama mtu anayegeuza soksi, nami nikaona sakafu inanifuata. Nilipozinduka, kibano kilikuwa bado mkononi.

"Umeanguka we, chombo hakikuanguka," alisema mtawa. "Utabaki."

Nikabaki. Mimi ni mtu wa kubaki. Wenzangu waliomba uhamisho wakaione nchi; mimi niliona safari ya kutoka mtaani kwetu Bwiza hadi hospitali inamtosha kabisa mtu mwenye kitanda kizuri. Nilishika vibano kwenye kope zilizojikunja ndani zikakwaruza jicho, kope zilizochanika kwa ajali za pikipiki, kope zilizolegea kwa uzee. Daktari aliyekuwa mkuu wa idara ya macho alipoacha kazi ya serikali akafungua kliniki yake mtaa wa Mutanga Sud, alinichukua. Alisema ananipendea mikono. Mdomo, alisema, ataustahimili.

Huko ndiko walikoanza kuja wafanyabiashara wa Kichina. Kope ya juu ya wengi wetu ina mkunjo: ukifungua jicho, ngozi inajikunja mahali palepale kama pazia. Wachina wengi hawana mkunjo huo, wala hawaumwi kitu. Wanaona kuliko mimi. Lakini wapo wanaoutaka. Daktari anakata mstari mwembamba, anashikiza ngozi kwenye msuli unaoinua kope, na mkunjo unapatikana. Kushona si shida. Shida ni kwamba macho ni mawili.

"Jicho moja kila mutu anaweza," Daktari alizoea kusema. "Nionyeshe la pili."

Alikuwa na taratibu zake. Mstari unachorwa mgonjwa akiwa ameketi, maana akilala ngozi inakimbilia masikioni. Dawa ya ganzi iwe sawa pande zote, kwa kuwa huvimbisha. Ushone mshono mmoja kulia, mmoja kushoto, kwa zamu. Katikati ya kazi umkalishe mgonjwa, afungue macho, afunge. Na zaidi ya yote, uso uwe umetulia, kwa sababu unyusi ukipanda huvuta ngozi, na mstari unapanda nao.

Sasa Madamu Lin. Alikuwa na duka la mabeseni na mablanketi pale Bwiza, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bwiza kama changu. Alipasuliwa kope kwao akiwa msichana. Kwa miaka mkunjo wa kushoto ukapanda, wa kulia ukabaki.

"Docteur, mi nikitaja bei, jicho ya kulia inasema karibu, ya kushoto inasema toka hapa," alieleza. "Wateja wanafikiri nawadharau. Mama yangu akiniona kwenye simu ananiuliza nani amenikosea."

Daktari alipima ngozi iliyobaki, akavuta kiti karibu naye. "Ngozi ni kidogo, Madame. Nikikosea, siwezi kurudia. Tukikata tena hautaweza kufunga macho ukilala. Tuko na mara moja tu."

"Basi iwe hiyo moja," alisema. Lakini niliona jinsi alivyoubana mkoba wake.

Siku ya upasuaji, Daktari alichora kwa kalamu ya zambarau, akapima kwa kompa, ile yenye ncha mbili. Pande zote sawa. Akarudi nyuma. "Uko sawa, Madame?" Kushoto kukapanda. Akafuta kwa spiriti, akachora upya. "Unaniona vizuri?" Kukapanda tena. Nami nikaona nisaidie: "Mama, hausikii baridi? Kiti kiko sawa?" Mambo yakazidi kuharibika.

Daktari alikuwa ametokwa jasho. "Hii kope inanidanganya," alisema, akaifunika kalamu. "Pole sana, Madame. Sitakata kitu ambacho sikielewi."

Madamu Lin hakuinuka. Aliomba kioo cha mkononi, akakishika mbele ya uso. "Niulize tena."

"Nikuulize nini?"

"Kitu yoyote."

"Asubuhi umekunywa chai?"

Unyusi wake wa kushoto ukaruka, na mstari wa zambarau ukaruka nao. Akasogeza kioo karibu. "Docteur! Usiniulize! Ukiniuliza, mi najibu!"

Sisi watu wa Bujumbura mnatujua. "Ndiyo" tunaisema kwa kuinua nyusi; mdomo tunautunzia mambo mazito. Madamu Lin hakuzaliwa na desturi hiyo. Aliipata dukani, na kwake upande wa kushoto ndio uliojibu kwa nguvu zaidi. Wala mimi wala Daktari hatukuiona. Nani anaona kitu anachokifanya mwenyewe tangu utotoni?

"Mama Hadija, umeelewa sasa?" Daktari aliniuliza.

Nikainua nyusi. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Basi tukanyamaza. Lakini kimya kilimkaza Madamu Lin uso kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. "Ongea, Mama Hadija," Daktari aliamuru, "lakini usiulize kitu." Jamani! Mimi nisiyeweza kusema maneno matatu bila "unaona?" na "si ndiyo?" Nikasimulia kitu pekee ninachokijua: nyumba yangu. Ninavyofua mapazia ya sebuleni, halafu ya chumbani. Ninavyochambua maharage. Kiti nilichokihamisha kutoka mlangoni kwenda dirishani, kisha nikakirudisha. Wanangu husema hadithi zangu zinaweza kumlaza jogoo. Uso wa Madamu Lin ulishuka polepole, nyusi zikakaa mahali pake, na Daktari akachora. Tulipomkalisha katikati ya upasuaji nilikuwa bado kwenye maharage.

Mwanzoni kope ya kushoto ilivimba kuliko ya kulia. Nilimkataza kujitazama, alijitazama. Daktari alimwambia asubiri miezi, uvimbe haushuki kwa amri. Akasafiri kwenda kumwona mama yake, na kabla hajarudi mimi nikastaafu.

Kustaafu nilikuwa nimekufanyia mazoezi maisha yangu yote. Nakaa nyumbani, nachungulia nani anapita. Ila jambo moja lilinisumbua: nilimwacha mtu akiwa na uvimbe.

Alasiri moja akabisha hodi, mkononi chupa ya chai mpya kutoka dukani kwake. Nilimkaribisha, tukaongea. Nilimweleza jinsi nyumba ya mdogo wangu kule Gatumba ilivyoingia maji, wakabeba magodoro kichwani. Alinisikiliza, akanipa pole, akanieleza habari za mama yake, akalalamika kwamba chai yangu haina sukari. Jua lilikuwa linashuka alipoweka kikombe chini kwa kishindo.

"Mama Hadija, na macho yangu?"

"Yana nini?"

"Hata haujaangalia!"

Kweli. Mimi niliyekesha nikiyawaza, alasiri nzima sikuona jicho lolote linalosema toka hapa. Nikainuka haraka kutafuta miwani yangu, akanishika mkono huku akicheka.

"Apana, apana. Kaa. Nitazame vile ulikuwa unanitazama."