Kiti cha Maman Alphonsine

Saluni aliyosukia nywele miaka kumi na mmoja ilifungwa ghafla. Maman Alphonsine, mzaliwa wa mji wa Likasi, hakukaa nyumbani kulia. Jumatatu, au lundi kama aiitavyo yeye, alipanda basi na kiti chake cha plastiki, akakiweka kwenye ujia wa Galerie d'Ixelles, jengo la maduka huko ughaibuni anakoishi, akapanga vitana na rasta, akamwomba Mungu kwa sauti, kisha akasimama kusubiri.

Hadi Alhamisi, hakuna kichwa hata kimoja.

"Yaya, tubakie ku nyumba," mdogo wake Hadassa alimsihi dada yake. "Pesa ya basi inaisha bure. Tutakula nini?"

"Mungu ataleta vichwa, miye naleta kiti. Kila muntu na kazi yake!"

Ijumaa msichana asiyemjua alimuuliza kama ana nafasi ya kumsuka.

"Ikala, mutoto wangu," Maman Alphonsine akamvutia kiti akae. "Nakungojea tangu lundi."