Walipobadilisha Ukurasa wa Dama

Mume wangu aliendesha winchi katika bandari ya Malindi, hapa Mji Mkongwe, mpaka siku alipopatwa na kiharusi. Kilimkuta nyumbani asubuhi, anavaa viatu vya kazi. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, mdomo ukaenda upande, na tangu hapo maneno yakawa yanamtoka mazito, kama mtu anayesema na tonge mdomoni. Aliporejea kutoka hospitali majirani walimpandisha juu kwa kiti. Sisi twakaa ghorofa ya pili, na ngazi za nyumba yetu ni za mbao, nyembamba, zimesimama wima hata mtu mwenye afya yake hushuka ameshika kamba. Kwa hivyo alipopandishwa ndiyo akawa amepanda. Akishuka, ni kwa kupelekwa hospitali tu.

Kabla ya maradhi, kila akitoka kazini alikuwa akipita barazani kwa wenzake kucheza dama. Nilikuwa nikimnung'unikia, chakula kinapoa. Alipougua, wale wenzake walipanda kuja kumtazama, na ubao wakaja nao. Lakini walikuwa wakisema naye kwa sauti ya juu, utafikiri masikio ndiyo yaliyougua, na yeye akijibu wananigeukia mimi: "Kasemaje?" Mimi naeleza, yeye ananyamaza. Siku moja aliwasikia wanapanda ngazi akaniambia, "Waambie nimelala." Nikawaambia. Siku nyengine vile vile. Mwisho wakapungua. Siwezi kuwalaumu, mtu hupanda ngazi zile mara ngapi kuja kuambiwa mwenyewe kalala?

Binti yetu, ambaye ameolewa Dar es Salaam, ndiye aliyekuja na ile tableti, simu kubwa upana wa sahani, akamfungulia ukurasa wa kuchezea dama kwenye mtandao.

"Mie n'cheze na mashine?" baba yake akamuuliza.

"Si mashine, baba. Ni watu. Kila jina unaloliona hapa ni mtu, yuko kwao."

Siku ya mwanzo alicheza ili mtoto asivunjike moyo. Haukupita muda akawa anaiulizia mwenyewe.

Ukurasa ule haukuwa na uzuri wowote. Ulikuwa na ubao wa dama rangi ya kahawia, kulia yamepangwa majina ya waliopo, kila jina na kitone cha kijani, na chini kuna kisanduku cha kuandikia maneno. Basi. Hakuna kilichotikisika ila kete. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, lakini mume wangu hakuyasoma, alikwishajua mahali pa kila kitu. Kidole cha mkono wa kushoto kilimtosha. Na mtu akichelewa kucheza, mwenzake alimngoja.

Huko ndiko alikokutana na mtu mmoja aliyejiita kwa jina la samaki. Jina lake la kweli hatukulijua, na yeye hakulijua letu. Walianza kucheza pamoja siku moja baada ya laasiri, na kesho yake saa ile ile yule mtu akaandika kwenye kisanduku, kwa Kiswahili: "Upo?" Mume wangu akatafuta herufi moja moja, akajibu: "Nipo." Ikawa hivyo kila siku. Mimi nakaa dirishani nashona kofia, nasikia kidole chake kikigonga kioo, nauliza, "Samaki wako kaja?" Naye anajibu, "Kaja."

Huyo samaki naye aliandika polepole, kwa makosa. Mume wangu alisema lazima ni mtu mzima kama yeye. Tulijua mambo machache juu yake. Alikuwa akiaga kwenda kusali magharibi na huku kwetu jua bado liko ukutani, ndiyo tukakisia yuko Maskati au karibu na huko. Alisema mkewe ameshafariki. Mara moja aliuliza kama pale Darajani bado wanauza urojo jioni, na mara nyengine akauliza kama masika yashaanza, yameanza kwa nguvu au kwa manyunyu. Mume wangu akamwandikia kwamba yameanza kwa nguvu. Ilimchukua muda mrefu kuandika, na alipomaliza alifuta jasho. Nikamwambia, "Si umuulize alikaa mtaa gani?" Akanijibu kwamba mtu akitaka kusema kwao atasema.

Alasiri moja nilimsikia akicheka. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikaacha mbuzi nikaenda mlangoni kumtazama. Alikuwa ameliwa kete zake karibu zote kwa mtego ambao alijitia mwenyewe, na mwenzake ameandika: "Pole bwana, njoo kesho ulipize." Tangu augue hakuwa amecheka. Nikarudi kwenye nazi yangu.

Baadaye nikaja kufahamu kwa nini kisanduku kile kilimfaa kuliko wageni wote waliopanda ngazi. Kule hakuna aliyejua kwamba mdomo wake umepinda. Neno alilolipeleka lilifika likiwa zima.

Siku ulipobadilika ule ukurasa, aliniita kutoka chumbani. "Bibie."

"Naam."

"Njoo utazame. Imeharibika."

Nikakuta kioo cheupe kama shuka mpya, na picha za vijana wanacheka, na maandishi makubwa ya kukaribisha watu kwenye sura mpya. Ubao ulikuwa umesogezwa chini, mdogo, wa rangi ya buluu. Majina ya kulia hayapo. Kisanduku hakipo. Nikafunga nikafungua, nikazima nikawasha. Vijana wale wale wakarudi wanacheka.

"Umebonyeza wapi?" nikamuuliza.

"Sijabonyeza kitu," akasema, kisha akasema tena, na sauti ile sikuipenda. Alikuwa mtu wa kuinua makontena, leo anajitetea mbele yangu kama aliyevunja gilasi ya watu.

Nikampigia binti yetu. Alifungua ukurasa kwake akautazama, akasema, "Mama, baba hajaharibu kitu. Wenyewe wameubadilisha. Wameufanya wa kisasa."

"Na ule wa zamani uko wapi?"

"Haupo tena."

"Wamemuuliza nani?"

"Hawaulizi, mama. Mwambie baba atazoea."

Sikuridhika. Nikaifunga tableti ndani ya mtandio nikaipeleka Darajani kwa fundi wa simu, nikamwomba airejeshe kama ilivyokuwa. Yule bwana aliipindua, akaibonyeza huku na huku, akanirudishia. "Hii nzima, mama. Kilichobadilika hakimo humu, kimo kwao."

"Kwao ni wapi?"

Akasema hata yeye hajui. Hakutaka malipo.

Tukajaribu kuzoea. Ukurasa mpya ulitaka kwanza mtu ajiandikishe upya, na lile jina lake la zamani ukalikataa, ukasema lina mwenyewe. Mwenyewe ni yeye, lakini pa kusemea hapakuwapo. Binti yetu akamwandikisha kwa jina jengine lenye tarakimu nyuma. Halafu ikawa huchagui wa kucheza naye. Unabonyeza mahali, mashine inakupa mtu yeyote. Na juu ya ubao wameweka saa inayokwenda mbio. Kidole cha mume wangu kinatafuta kete, kabla hakijaigusa muda umekwisha, ukurasa unamwambia ameshindwa, na upande wa mwenzake zinamwagika karatasi za rangi kama harusini. Hakuwa ameshindwa dama. Alishindwa na saa. Lakini kila jioni akawa anasoma neno lile, na neno lile la Kiingereza alilifahamu.

Kilichoniuma mimi zaidi ni kisanduku. Mahali pake wameweka vijisura, cha kucheka, cha kulia, cha hasira, mikono iliyokutanishwa, kidole gumba. Ukitaka kumwambia mwenzako jambo, unachagua kijisura. Mtu aliyekwisha kunyang'anywa ulimi mara moja, sasa ananyang'anywa mara ya pili, na wanaomnyang'anya wanamwambia wamempa kitu bora.

Binti yetu aliwaandikia malalamiko kwa Kiingereza chake kizuri. Jibu likaja pale pale: wanashukuru kwa maoni, wanafurahi kutuletea ukurasa bora zaidi. Akaandika tena, akaeleza kwamba baba yake ni mgonjwa, na kwamba kuna rafiki anamtafuta. Likaja jibu lile lile, neno kwa neno. Hapo nikajua kwamba hakuna mtu aliyesoma.

Hata hivyo mume wangu hakuacha. Kila baada ya laasiri alikuwa akifungua, akiletewa watu asiowajua. Alikuwa akitafuta.

Siku moja masika yamepamba moto, maji yanamiminika barabarani na mimi nimeweka ndoo chini ya mahali panapovuja, mashine ikampa mtu aliyeanza kwa kete ya pembeni kushoto, kisha akatoa kete nyengine iliwe makusudi. Mume wangu akainua kichwa.

"Ni yeye."

"Utajuaje?"

"Hivi ndivyo anavyofungua."

Nikaacha ndoo nikaja kusimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa akitafuta pa kuandika, anapapasa kioo chini, juu, pembeni, kama kisanduku kimefichwa tu. Nikamwambia hakipo, tuma kijisura. Akatuma kinachocheka. Tukangoja. Ikaja mikono iliyokutanishwa. Mume wangu akatuma kinachocheka tena. Ikaja sura inayolia.

Tukatazamana. "Analia nini?" akaniuliza. Pengine alikuwa yeye, analia kwa furaha au kwa kukosa la kusema kama sisi. Pengine alikuwa mtoto wa mtu mahali fulani, ameliwa kete anatania. Kidole cha mume wangu kilikuwa kinazunguka juu ya vile vijisura, anachagua, hakuna hata kimoja kinachosema "Upo?" Na huku saa inakwenda. Ikaisha. Ukurasa ukasema ameshindwa, ukamwaga karatasi zake za rangi, na kabla hatujavuta pumzi ukampa mtu mwengine.

"Rudisha," akasema.

"Hairudi."

"Bonyeza nyuma."

Nikabonyeza nyuma, ikanitoa nje kabisa. Nilipoingia tena nikakuta vijana wanacheka.

Baada ya hapo akawa hachezi na mtu. Anafungua, anatazama kete ya kwanza, akiona siyo ile ya pembeni kushoto anatoka, anaomba mwengine. Kwa siku kadhaa alifanya hivyo mpaka magharibi. Kisha ukurasa ukamletea onyo kwamba anakimbia michezo, ukamfungia mpaka siku ya pili. Nilimsomea, nikamfasiria kwa Kiswahili nilivyoweza. Akasikiliza, akaniambia nirudie, nikarudia.

"Mimi nakimbia?" akasema. Akautazama mguu wake.

Akaisukuma tableti pembeni ya meza kwa mkono wake mzima. "Ifunge," akaniambia. Nikaifunga, nikaiweka kabatini.

Nikauchukua ubao wetu wa zamani na kete za vifuniko vya chupa, nikakaa mbele yake. Mimi dama siijui, najua tu kete inavyokwenda. Alinila zote. Kesho yake akanila zote tena, bila kusema neno, na alipomaliza akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mpishi aliyeunguza wali wa wageni. Nilipompangia tena alisema amechoka. Akaanza kulala alasiri. Kuna mama wa hospitali anayekuja kumfanyisha mazoezi, akaniuliza kwa nini maneno yake yamerudi nyuma, mwezi uliopita alikuwa akifahamu asemayo, sasa hafahamu. Nikamjibu kwamba siku hizi hasemi sana. Akasema lazima aseme, ulimi nao ni kiungo. Nikamwambia nimesikia. Ningemwambia nini jengine?

Juzi tulikuwa tumekaa baada ya swala, yeye kwenye kiti chake, mimi na kofia yangu, na mvua imetulia kidogo. Akasema kitu sikukishika. Nikamwomba aseme tena, akasema taratibu, "Labda amekufa."

Sikuuliza nani. "Labda na yeye kule anasema hivyo hivyo juu yako," nikamwambia.

Kisha akasema, "Nataka kumwombea. Nimwombee dua ya wazima au ya maiti?"

Sindano ilinisimama mkononi. Katika maisha yangu nimewaombea wengi wa namna zote mbili, lakini sijapata kuulizwa swali hilo.

"Ya wazima," nikasema.

Akainua mkono mmoja unaoinuka, na ule mwengine nikamwinulia mimi, nikaushika pale chini ya kiganja. Aliomba kwa sauti yake ile nzito. Sehemu nyengine nilizifahamu na sehemu nyengine sikuzifahamu, lakini kila aliponyamaza niliitikia amin. Alipomaliza nikamshusha mkono, nikamrekebishia mto. Mvua ikaanza upya. Nilipogeuka kwenda kufunga dirisha alikuwa ameshalala.