Sauti ya Nesi Zdravka

Kwa miaka ishirini na sita nesi Zdravka aliwaita wagonjwa wa kliniki ya afya ya akili mjini Ruse kwa sauti ya kupasua ukuta. Alifungua mlango, akainua kadi, akatangaza majina yote matatu, la mtu, la baba na la ukoo, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Korido nzima ilijua nani kaja, naye hakuona ubaya. Utaratibu ni utaratibu.

Kiangazi hiki ikaja kadi ya Plamen Georgiev Kostov, jina la kiume. Barua ya daktari wa mtaani ilisema mgonjwa hajapata usingizi wa maana tangu kwao wamfungie mlango asiingie tena, na kwamba asicheleweshwe hata kidogo. Zdravka akaita, kimya. Wiki iliyofuata akaita tena, kimya. Dokta Minchev wa kliniki akasema akikosa mara ya tatu nafasi yake apewe mwingine.

Jioni hiyo, kwenye foleni ya mkate, ndipo akili ikamrudia. Mara zote mbili, alipotamka jina lile, msichana mmoja mwenye gauni la kijani aliinuka, uso umemwiva, akashuka ngazi bila kumtazama mtu. Zdravka aliona haya pale pale dukani, akaondoka bila mkate.

Jumanne alitoka bila kadi mkononi. Msichana alikuwa ameketi ukingoni mwa benchi, mkoba kaukumbatia. Zdravka akakaa kando yake, akanong'ona.

“Mwanangu, unafuata wewe. Nikuite nani?”

Msichana alimkagua kwanza. “Ralitsa.”

“Haya, Ralitsa. Twende, daktari anakungoja.”

“We Zdravka!” akadakia Bibi Stoyanka kutoka mwisho wa foleni. “Leo umemeza nini? Mbona sauti imekauka?”

“Mafua, bibi.”

“Mafua na joto hili la Julai? Makubwa!”

“Endelea kuniuliza, nikuambukize.”

Benchi zima likacheka, na Ralitsa akaingia bila mtu kumjali. Alikaa humo saa nzima.

Zdravka alifurahi, lakini furaha haikukaa. Alifungua daftari la mahudhurio, kisha la mwaka jana, kisha yale ya zamani kabatini. Kila baada ya kurasa chache, kwa mwandiko wake mwenyewe uliosimama vizuri: hakuja, hakuja, hakuja. Hakuwa na njia tena ya kujua ni wangapi kati yao walikuja, wakaketi pale nje, wakamsikia akiita.