Nguzo Iliyoangukia kwa Mama Mkwe

Huku Lucky Summer, mtaa wa Nairobi, kuna bwana mmoja anaitwa Patrobas Opicho, na kazi yake ni kupima nguzo ambazo hazipo.

Msicheke kwanza. Kampuni moja ya upimaji ilipewa kazi ya kuchora ramani ya ile reli inayotoka mjini ikapita Dandora kwenda Mwiki, ili siku moja, Mungu akipenda na wakubwa wakielewana, treni ya stima ipite hapo. Treni ya stima haitumii dizeli. Inavuta umeme kutoka kwa waya uliotandazwa juu yake, na waya huo lazima ushikiliwe na nguzo, moja baada ya nyingine, kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Treni haijaja. Waya haujaja. Nguzo zenyewe hazijaja. Aliyekuja ni Opicho, kuonyesha zitasimama wapi.

Basi kila asubuhi utamwona na jaketi lake la manjano, begani amebeba fimbo ndefu yenye kifaa cha duara kama uyoga juu yake, anafuata reli. Akifika mahali palipochaguliwa na kompyuta ya ofisini, anaisimamisha fimbo wima, anangoja kifaa kizungumze na setilaiti huko juu. Kikilia tiii, anapigilia kigingi cha mbao chenye kichwa chekundu, anapiga picha, anasonga mbele. Nguzo imeingia kwenye ramani. Kazi yenyewe ni hiyo tu, lakini mwenyewe humwambii kitu. Tangu aianze hawezi kupita ua wa watu bila kufumba jicho moja aone kama umenyooka. Kanisani aliwahi kumnong'oneza mzee wa kanisa, katikati ya maombi, kwamba benchi la mbele limepinda. Vijana wa mtaa walimbandika jina Bwana Posti, maana kwao nguzo ni posti, na wakimwona jioni wanamuuliza, "Niaje Bwana Posti, treni imefika wapi?" Naye hujibu kwa utulivu wake wote, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," akapita zake kifua mbele.

Kifua hicho kina mahali pamoja tu kinaponywea, nako ni kwa mama mkwe.

Opicho ni Mbukusu wa Bungoma, na mkewe Nekesa vilevile. Kwa mila ya kwao, mwanamume hamkaribii mama aliyemzaa mkewe. Hampi mkono, haketi naye mahali pamoja, hali chakula mbele yake, na wakikaribia kukutana njiani kila mmoja anatafuta kichaka chake. Si chuki, jamani. Ni heshima, tena ya daraja la juu. Kule nyumbani ni rahisi kwa sababu vichaka viko. Nairobi utajificha wapi? Mama Nekesa anauza ugali na samaki kwenye kibanda kando ya reli hiyohiyo, mbele kidogo ya stesheni ya Dandora, na tangu amwoe Nekesa, Opicho amekuwa mtu wa kuzunguka. Siku moja alimwona mama kwa mbali sokoni, akachomoka, akaingia saluni ya wanawake, akakaa humo kwa adabu mpaka wakamuuliza anataka kusukwa mtindo gani.

Wenzake wengi wa mjini wameshaiacha mila hiyo. Wanakumbatiana na mama wakwe, wanapiga nao picha na keki. Opicho huwaambia wafanye watakavyo. Yeye babake alimfundisha kwamba heshima si utumwa, na hajaona sababu ya kumbishia marehemu.

Sasa sikia mambo. Jumanne moja alikuwa ametoka stesheni, vigingi vinaingia ardhini bila ubishi, akageuka nyuma kuvitazama. Vichwa vyekundu vimejipanga mstari mmoja hata moyo ukamtulia. Akageuka mbele, akafumba jicho moja, akaufuata mstari kwa jicho la pili, na mwisho wa mstari akaona moshi. Chini ya moshi akaona mabati. Chini ya mabati akaona leso ya maua aliyoijua vizuri, maana aliinunua mwenyewe akaipeleka kwa mkono wa Nekesa.

Nguzo ilikuwa inaangukia kwa mama mkwe. Si karibu na kibanda chake. Ndani kabisa, palepale penye jiko.

Opicho akafanya jambo ambalo mpimaji hafanyi. Alikata kona, akapita nyuma kwenye mashamba ya sukuma wiki ya watu, akatokezea upande wa pili, akaendelea na kigingi kilichofuata kana kwamba hapakuwa na kitu katikati.

Jioni, mkubwa wake wa kazi, Kabiru, mtu wa Murang'a mwenye mdomo mwepesi, aliifungua ramani akaanza kutabasamu.

"Opicho, reli yako imeng'oka jino. Hapa kuna nini?"

"Kuna mama mkwe."

"Mama mkwe si kizuizi, buda. Kizuizi ni mto. Ama jengo la mawe."

"Hiyo ni kwenu," Opicho akasema.

Kabiru alicheka mpaka akashika meza. Lakini kazi ni kazi, na ramani ilitakiwa kabla ya wiki kwisha, kwa hivyo kesho yake akaichukua fimbo akaenda mwenyewe. Alirudi mchana midomo inang'aa mafuta, hana alama hata moja.

"Yule mama ameketi palepale," akasema. "Nikamweleza habari za nguzo, akaniambia kula kwanza. Nikala. Nikamweleza tena, akaniongeza supu. Halafu akaniambia mambo ya nyumbani kwake hayapokei kutoka kwa mgeni. Mimi simuwezi. Mkwe ni wako, enda umalizane naye."

Maana mama alikuwa ameshaelewa. Ukisimama kwenye reli ukavitazama vile vigingi, hata mtoto ataona vinaelekea wapi. Mama akaisogeza stuli yake, akaiweka juu ya alama ambayo ilikuwa bado haijawekwa, akaketi hapo siku nzima, akawapikia watu akiwa ameketi.

Na mjue kigingi si mchezo. Kila mtu wa reli anajua kikishapigwa kwenye kibanda chako, siku yako ya kuhama imeshapata jina, hata kama haijapata tarehe. Nekesa alijua. Usiku huo alikaa mbele ya sahani yake bila kuigusa.

"Baba Simiyu," akamwambia mumewe, "kwani hiyo nguzo haiwezi kusogea kidogo? Nguzo moja tu. Nani ataenda kuangalia?"

Kweli ingeweza. Hatua mbili tu, na hata Kabiru asingegundua. Opicho alikuwa ameshaliwaza hilo mara nyingi kuliko alivyotaka kukiri.

"Ikisogea inaangukia kwa Sylvance, yule fundi wa viatu."

"Sylvance hakukuzalia mke."

Opicho akaipiga hesabu upya. Akisogeza, amemuuza Sylvance. Asiposogeza, amemfukuza mama wa watu kwenye jiko lililomsomesha Nekesa. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye, ambaye hajawahi kumwambia mama huyo hata habari ya asubuhi, salamu yake ya kwanza iwe kigingi.

Alhamisi akaenda. Alingoja wateja wapungue, akasimama nje ya kibanda akiupa mlango mgongo, akakohoa. Ndani kulikuwa na mteja mmoja tu, Mulama, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye kosa lake siku hiyo lilikuwa njaa. Mama alipokisikia kile kikohozi alijifunika leso kichwani, akainuka, akageukia ukuta.

"Mulama," Opicho akasema akiitazama reli, "mwambie mama hapo ndani nimesalimu."

"Anasema amesalimu," Mulama akasema.

"Mwambie nimesikia," mama akauambia ukuta.

"Anasema amesikia."

"Nimesikia," Opicho akasema.

Mulama akaliweka tonge chini. "Sasa kama nyinyi nyote mnasikia, mimi ni wa nini?"

Naye pia ni mtu wa magharibi, anaijua mila, na kwa hivyo alijua kwamba ugali wake utapoa.

"Mwambie mama nimeleta jambo baya," Opicho akaendelea. "Lakini mwambie linaweza kusogezwa."

Samaki walikuwa wakinong'ona kwenye mafuta.

"Muulize, likisogezwa linaangukia kwa nani."

Opicho akasahau kumngoja Mulama. "Kwa Sylvance."

"Mwambie viatu hivi nilivyovaa vimeshonwa na Sylvance," mama akasema. "Mwambie aache ujanja. Aingie."

Kuingia kwenyewe kulikuwa kazi. Kwanza, kile kifaa hakisikii kitu chini ya mabati. Lazima kiione mbingu. Mulama akapandishwa kwenye benchi, akasukuma bati moja juu kwa mikono miwili, akabaki hivyo, jua linampiga usoni na samaki wake anaangaliwa na nzi. Pili, Opicho asingeweza kuingia akimtazama mama. Basi akaingia kinyumenyume, fimbo ameikumbatia kifuani. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini hawakuwa wakiongea juu ya watu wanaotembea hivyo. Alikanyaga sukuma. Akalipiga beseni la maji kwa kisigino. Jaketi likanasa kwenye msumari.

"Mwambie kushoto," mama akasema, uso ukutani, akisikiliza vyombo vyake vikianguka.

"Kushoto kwake ama kwako?" Mulama akauliza kutoka juu.

"Kushoto kwa jiko."

Akafika. Akaisimamisha fimbo. Siku nyingine kifaa hukaa kidogo tu kikalia, lakini siku hiyo setilaiti zilikuwa na shughuli zao. Wakangoja. Walikuwa wamepeana migongo, mama na mkwewe, jiko likiwa katikati yao, karibu kuliko walivyopata kuwa tangu wawe jamaa. Opicho alisikia joto la makaa kwenye miguu yake, na harufu ya vitunguu kwenye leso aliyoinunua yeye.

Tiii.

Akachuchumaa, akakishika kigingi, akainua nyundo. Mkono ukakataa kushuka. Nguzo zote alizowahi kupima alizipima kwa furaha, na hii moja ilimchukiza.

"Mama," akasema, na safari hii hakumtaja Mulama, "nisamehe."

Mulama akafungua mdomo aupeleke ujumbe, kisha akaufunga.

"Mimi hapa Nairobi nimehamishwa mara nyingi," mama akasema polepole. "Sokoni, kando ya barabara, nyuma ya kiwanda. Wote waliokuja kunitoa waliingia wakinitazama machoni, wakapiga sufuria zangu teke. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia kinyumenyume." Akaivuta leso vizuri. "Ndiyo maana yule mwingine nilimlisha nikamrudisha. Nilikuwa nakungoja wewe. Kipige, mwanangu. Kipige vizuri, kisiyumbe."

Akakipiga. Na msiniulize kama alilia, maana moshi ulikuwa mwingi humo ndani, hata Mulama alikuwa akijifuta macho begani, mikono yake ikiwa imejaa bati.

Ramani ikapelekwa ikiwa na meno yake yote. Nekesa alinuna kwa muda, mpaka alipoenda kwa mamake kumpa pole akamkuta anacheka peke yake, anaokota sukuma.

Treni bado haijaja. Itakapokuja, kama itakuja, mama atafunga sufuria zake aondoke, na hakuna anayejidanganya juu ya hilo, Opicho hata kidogo. Lakini mama si mtu wa kukaa akikingoja kisichofika. Jiko alilisogeza upande wa mlango. Kisha akamwomba Mulama mti mmoja wa kujengea, akauchimbia palepale kwenye kigingi, ukapanda mpaka kwenye mabati, na kutoka kwenye mti huo hadi ukutani akatandaza ile leso ya maua. Nyuma ya leso akaweka stuli na kimeza. Mila inasema mkwe asile mbele ya mama mkwe. Haikusema lolote juu ya nyuma ya leso.

Kwa hivyo sasa, kazi ikimpitisha upande wa Dandora, Opicho hazunguki tena. Anakohoa mlangoni, anangoja mama ageukie ukuta, anaingia kinyumenyume kwa ustadi ambao ungeushangaa, hagongi hata kijiko. Anakula samaki wake huku sufuria zikigongana ng'ambo ya leso. Mulama alishapumzishwa ukalimani.

"Umeshiba?" sauti inauliza.

"Nimeshiba, mama."

"Muongo. Lete sahani." Na mkono unatokea chini ya leso kuipokea.

Katika nguzo zote zilizo kwenye ramani ya Opicho, kutoka mjini hadi Mwiki, ni hiyo moja tu iliyosimama. Haijashika waya, imeshika leso. Tena imeinama, imelalia upande wa reli waziwazi. Bwana Posti aliliona hilo siku ya kwanza alipoketi pale, akafumba jicho moja kuhakikisha, akalifumbua, akaendelea kula. Mpaka leo hajasema kitu.