Nzoka Wengi wa Mbuvi

Dresa Salim, mhudumu wa dawa, alizaliwa Kitui mjini, katika ukoo wa Waislamu waliotoka pwani zamani, lakini Kikamba alikizungumza kuliko Wakamba wengine. Kikamba hicho ndicho kilichomponza. Mwaka wa 1950 alikuwa peke yake katika dispensari ya matope karibu na njia ya Kalamba, na dawa zake zote zilienea katika kabati moja.

Siku hiyo Mbula, mke wa kwanza wa Mutie, alimleta mwanawe Mbuvi, wa miaka mitano. Tumbo lilikuwa limejaa na mikono imekonda. Salim akampapasa, akasema mbele ya foleni nzima, "Huyu ana nzoka wengi."

Sasa, nzoka kwa Kikamba ni nyoka, na ni minyoo pia. Salim alimaanisha minyoo. Lakini wazee wa huko waliamini kwamba kila mtu ana nzoka wake mmoja tumboni, ndiye anayenguruma ukiwa na njaa, na huyo hana neno. Wakiwa wengi, basi kuna mtu amekutilia. Kufika jioni mtiaji alishapatikana: Nzilani, mke mwenza, kwa sababu binti yake Mbinya, rika moja na Mbuvi, alikuwa na mashavu na mbio. Wazee wakaamua Jumamosi Nzilani ale kithitu, kitu cha kuapia ambacho mwongo hufa nacho, yeye na ndugu zake. Akikataa, arudi kwao bila mtoto.

Salim aliposikia aliona aibu mpaka chakula kikamshinda. Ulimi ulikuwa wake, na mwanamke wa watu ndiye angeulipia. Mimi niliyesimuliwa haya naye ningejificha, sitaki kudanganya. Yeye Ijumaa alipanda baiskeli mpaka kwa Mutie, akaomba watoto wote wawili wanywe dawa ileile mbele ya wazee.

Asubuhi ya kiapo Mbuvi alitoa minyoo ya kujaza kopo. Mbinya, yule mwenye mashavu, akatoa mitatu. Mzee Kiilu akainama, akaichokoa kwa kijiti.

"Mchawi gani anatilia mtoto yake mwenyewe?" akauliza. Kithitu kikarudishwa kilikotoka.

Ingeishia hapo, lakini Mbula hakuwa mjinga. "Dresa, hawa wanakunywa kisima moja, wanakula sahani moja. Mbona ni wangu amejaa?"

Salim aliniambia hajawahi kuulizwa swali zuri kama hilo. Alijua kidogo alichofundishwa: mayai ya minyoo humwingia kila mtoto anayecheza chini, lakini mwili una askari wake. Watoto wengine huzaliwa nao wakali. Wengine huwapoteza kwa njaa au kwa ugonjwa mwingine, na minyoo ikija hukuta mlango wazi. Na Mbuvi alikuwa ametoka juzi tu kwenye surua, mifupa mitupu.

Akafungua kinywa aseme surua, kisha akamwona Nzilani. Surua ile aliileta Mbinya kutoka Kitui, alipokwenda na mama yake kumzika bibi yake. Boma zima lilijua. Neno hilo moja, na wazee wangeketi tena.

"Ni njaa," akasema. "Imemaliza nguvu yake. Mpe maziwa na kunde."

Haukuwa uongo, maana mvua ilikuwa imekosa mara mbili. Lakini ilikuwa nusu, na ile nusu nyingine ilimkaa kooni miaka yote, kwa kuwa ingewafundisha watu kuwatenga watoto wenye surua.

Nzilani alimsindikiza mpaka langoni. "Dresa, wewe ulikuwa unasema kitu ingine. Ni ile surua yetu?"

Salim hakuweza kumdanganya. Akaitikia kwa kichwa.

Nzilani akarudi bila kuaga, akakamua mbuzi wake wote, akapeleka maziwa kwa Mbula. Mbula akamshukuru, akamwomba msamaha kwa ajili ya kithitu, na hapo ndipo Nzilani alipolia.