Bata wa Madamu na Kiingereza Changu

Nakumbuka asubuhi moja kule Mikumi, mwanangu, ambapo mimi Zaina, niliyekuwa nikijisifu kwa Kiingereza, nilikaribia kumpotezea kazi na jina mtu aliyenifundisha kushika kisu. Nakusimulia wewe kwa sababu wiki ijayo unaanza kazi kwenye hoteli ya watalii hukohuko, na jana nilikusikia ukimtafsiria shangazi yako maneno ya kwenye televisheni harakaharaka, bila hata kumeza mate. Nilicheka kimoyomoyo, kisha nikaingiwa na hofu kidogo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu, fundi wa reli hapa Kilosa, alinisomesha mpaka kidato cha nne, nikapata kazi jikoni kwenye kambi ndogo ya watalii. Meneja alikuwa mama wa Kiingereza tuliyemwita Madamu. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Kanuti, mtu wa Kidodi, aliyejifunza upishi kwa Wazungu wa mashamba ya mkonge upande wa Rudewa. Mzee alikuwa mkali wa kazi. Ukikata vitunguu vipande visivyolingana, anavimwaga kwenye bakuli la mchuzi wa wafanyakazi na kukupa vingine uanze upya. Lakini hakuwahi kunitukana hata siku moja, na kila aliponituma aliniita binti yangu.

Kiingereza alikijua vizuri sana, ila hakukisema mpaka aulizwe. Mimi nilikijua nusunusu na nilikisema kila mahali. Wageni wakiongea mezani, nilirudi jikoni na tafsiri hata kabla sijaweka sinia chini. Wenzangu waliniita Mkalimani, na jina hilo nililivaa kama kitenge kipya.

Sasa, Madamu alikuwa na bata bukini watatu. Ni wale bata wakubwa wenye shingo ndefu, na kazi yao ilikuwa kupiga kelele nyani wakisogea karibu na mahema. Aliwapenda mno. Wiki hiyo mmoja alipotea. Madamu alizunguka kambi nzima akimwita, na sisi tukazunguka naye, tusimwone. Na kwa bahati mbaya, Jumamosi hiyohiyo Mzee Kanuti alikuwa amewapikia wageni bata wa kuoka, bata wa kawaida walionunuliwa Dumila. Mimi mwenyewe niliwanyonyoa, kwa hiyo sikuwa na sababu yoyote ya kuwaza ujinga.

Jumatatu asubuhi nikampelekea Madamu chai ofisini. Nilipofika barazani nikamsikia anaongea na tajiri mwenye kambi kwa redio ya upepo, ile mashine tuliyotumia kabla ya simu za mkononi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekata tamaa. Redio ilikoroma, maneno yakakatika, na mimi nikadaka matatu tu: Kanuti, gusi, kukdi. Gusi nilijua ni bata bukini. Kukdi nilijua ni kupikwa, maana nilikuwa jikoni kila siku ya Mungu. Nikaweka chai mezani, nikatoka.

Ningeweza kusimama pale nikauliza, mwanangu. Madamu alikuwa anajua Kiswahili cha kutosha, na hakuwa mtu wa kung'ata. Lakini Mkalimani mzima aulize nini?

Nikapita kwa Mama Koleta, dobi wetu, nikamnong'oneza: "Madamu amegundua. Mzee Kanuti ndiye aliyempika yule bata wake."

"Wewe! Nani kakwambia?"

"Nimesikia kwa masikio yangu, kwa Kiingereza."

Neno hilo la mwisho lilimaliza ubishi. Kabla mashuka hayajaanikwa, mlinzi wa getini alikuwa anajua, na mwenye kuchota maji anajua. Mimi nilijiona mwema, maana nilikuwa nakwenda kumtahadharisha mwalimu wangu. Nilimkuta anakanda unga wa chapati.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Mzee, Madamu anasema wewe ndiye umempika bata wake. Anamwambia tajiri."

Hakuniuliza kitu. Alifuta mikono, akavua aproni, akaikunja mara nne. Visu vyake, vile alivyonunua mwenyewe, akaviosha kimoja kimoja na kuvifunga kwenye kitambaa. Baadaye nilikuja kujua kwamba kule kwenye mkonge aliwahi kumwona mpishi mwenzake akisingiziwa kuiba kijiko cha fedha. Yule mtu alipiga magoti, alilia mbele ya watoto wake, na bado akafukuzwa. Mzee aliapa kwamba yeye akisingiziwa wizi ataondoka kwa miguu yake, wala hatamwomba mtu. Akabeba sanduku lake na kuelekea barabarani kusubiri basi la Kidodi.

Nikabaki na unga uliokandwa nusu na wageni kumi na wawili wa mchana. Madamu aliingia jikoni kama saa nne.

"Kanuti yuko wapi?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia amsamehe, ni mtu mzima, labda alidhani ni bata wa kawaida, na mimi nipo tayari kuosha masufuria mwaka mzima kwa ajili yake.

"Bata gani?" akauliza.

"Gusi," nikasema. "Kanuti. Gusi. Kukdi."

Madamu akayarudia maneno yangu polepole. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele, na mimi nikamchukia kabisa kwa kucheka siku kama ile. Alipopata pumzi akanieleza. Mzee Kanuti alikuwa ameomba kuacha kazi mwisho wa mwezi arudi kwenye shamba lake la miwa, na Madamu alikuwa anamsihi tajiri akubali Mzee awe anakwenda shambani kila mwisho wa wiki, ili mradi asiondoke. Kwa Waingereza, ukisema bata wako amepikwa, maana yake mambo yamekuharibikia, umekwisha. Alichosema kwenye redio ni kwamba Kanuti akiondoka, wao wamekwisha.

Hakuna aliyemwita Mzee mwizi. Hakuna, isipokuwa mimi.

"Mwite aje basi," Madamu akasema.

"Ameshaondoka, Madamu. Yuko barabarani."

Kicheko kikakatika palepale. Tukaingia kwenye gari, akaendesha kama anafukuzwa na nyati. Tulipofika kituoni basi lilikuwa limesimama, injini inanguruma, na utingo yuko juu ya keria anafunga sanduku la Mzee kwa kamba. Mzee mwenyewe alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi.

"Shikamoo, Mzee Kanuti!" Madamu akapaza sauti.

"Marahaba," akajibu, kwa sababu shikamoo haiachwi hewani hata ukiwa na hasira. Lakini mguu hakuushusha.

Madamu akanisukuma mbele. "Mwambie ulichosikia. Si ulichoelewa. Ulichosikia."

Watu wote wa kwenye basi walikuwa wametoa vichwa madirishani. Nikasema kwa sauti nyembamba, vilevile nilivyodaka: "Kanuti... gusi... kukdi."

Mzee akainamisha kichwa, akafunika uso kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza. Alipoondoa mkono nikaona meno. Alikuwa anacheka, mwanangu, anacheka mpaka machozi, na mguu ukashuka kwenye ngazi ya basi. Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa raha, palepale kando ya lami, mbele ya abiria, sikuona haya hata kidogo. Utingo akafungua kamba huku ananung'unika, akarusha sanduku chini, na basi likaondoka bila Mzee.

Wageni walikula saa nane badala ya saa saba na hakuna aliyelalamika. Jioni hiyohiyo yule bata alionekana nyuma ya stoo ya kuni, kalalia mayai, anamfyonyea kila anayesogea.

Vyombo vilipokwisha kuoshwa, Mzee akaniweka kwenye kigoda mbele yake na kunipa vitunguu nimenye. Nilijua maneno yanakuja.

"Zaina, ukisikia kwa dobi wanapika majungu, unawapelekea kuni?"

"Hapana, Mzee."

"Kwa nini?"

"Si kupika kwa jikoni. Ni kusengenya."

"Kwa hiyo Kiswahili unajua kina maneno ya jikoni yasiyohitaji moto. Kiingereza nani kakwambia hakina?" Akachukua kitunguu kingine. "Ungeniletea yale maneno mabichi, kama yalivyotoka mdomoni kwa mwenyewe, ningeyaelewa palepale na tungecheka wote. Wewe umeyapika njiani, ukaniletea yameiva, na chumvi umeshatia. Nikala."

Hakunipigia kelele, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu siku ile akawa ananifundisha neno moja kila tukimenya vitunguu, na mimi naandika kwenye daftari. Waingereza wakimhoji mtu mpaka jasho limtoke, wanasema wamembanika kama nyama ya mkaa. Akiwa matatani, yuko ndani ya maji ya moto. Mpango usiokamilika umeokwa nusu. Kazi inayomlisha mtu ni mkate wake na siagi. Jambo wasiloliamini sana wanalipokea na punje ya chumvi. Na jambo jepesi ni kipande cha keki. Hapo nikabisha, maana keki ya Madamu ilinitesa miezi mitatu, kila siku inazama katikati. Mzee akasema: "Hawajasema kuoka. Kula." Nikagundua kwamba na sisi ni walewale. Tunakula njama bila sahani. Fundi hodari ameiva, mgeni wa kazi bado mbichi. Ninyi vijana mtu akishindwa mtihani mnasema amechemsha, na sijawahi kuona mnamletea majani ya chai.

Lakini kabla ya masomo hayo kulikuwa na kazi nyingine. Mzee aliniambia: "Yale uliyoyatawanya, kayaokote." Nikaenda kwa Mama Koleta, kwa mlinzi, kwa mchota maji, kila mmoja nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba sikuelewa na nilijifanya naelewa. Mama Koleta alinicheka wiki nzima. Kisha nikakumbuka lile basi. Mlinzi wetu wa getini, aliyemsindikiza Mzee hadi kituoni, alikuwa amemnong'oneza utingo kwamba mzee kafukuzwa kwa wizi wa bata, na basi lile lilikwenda moja kwa moja Kidodi, kwenye kijiji chake, kwa mke wake.

Jumapili nikaomba ruhusa nikaenda. Nilimkuta Mama Kanuti uani kwake, mwanamke mnene mwenye macho ya upole, anachambua mboga. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikaeleza yote tangu mwanzo, mpaka gusi na kukdi.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Nilizisikia habari hizo Jumatatu ileile," akasema. "Nikamwambia yule utingo aende akajifunze kusema uongo vizuri. Mume wangu hali bata. Tangu mtoto, akila bata anavimba midomo kama kaumwa na nyuki. Wewe unapika naye kila siku, hukujua?"

Sikujua. Sikuwahi kumuuliza chochote. Nilicheka, naye akacheka, mzigo wote wa wiki ile ukanitoka, nikahisi njaa kama mtu aliyetoka kuugua. Akanipakulia ugali na ile mboga. Nikiwa katikati ya tonge, akasema polepole, bila ubaya wowote: "Mimi namjua, ndiyo maana sikuamini. Lakini kwenye lile basi walikuwamo watu wangapi wasiomjua?"

Yule mama alinisamehe na akanifungia miwa ya kurudi nayo. Mzee Kanuti alikaa kambini miaka mingine mingi, akienda shambani kwake kila mwisho wa wiki. Mambo yalikwisha salama, na mpaka leo nikikumbuka ule mguu ukishuka kwenye ngazi, nashusha pumzi. Lile swali la Mama Kanuti ndilo sijalipatia jibu. Kwenye basi lile wako waliozeeka wakiamini kwamba mpishi mmoja wa Mikumi alikuwa mwizi, na sina namna ya kuwafuata.

Basi shika hili, mwanangu. Huko uendako utasikia maneno mengi ya kigeni, na mengine yatafanana na unayoyajua. Usitegemee simu ikutafsirie. Juzi mjukuu wangu alinijaribia neno hilohilo kwenye simu yake, ikamjibu bata wetu amepikwa, nayo imesoma kuliko mimi. Usipoelewa, muulize aliyesema, tena papo hapo. Aibu ya kuuliza inakwisha chai haijapoa. Ukilazimika kumpelekea mtu neno linalomhusu, mpelekee lilivyosemwa, hata kama limekatika, na useme limekatika. Usilijazie. Na ukishakosea, rudi njia yote uliyopita, nyumba kwa nyumba, ingawa hutawafikia wote.

Nenda ukafanye kazi, mwanangu. Mungu akupe mwalimu mwenye subira kama wangu, akujalie ulimi usioona haya kusema sijaelewa, na jina la mtu likipita mikononi mwako, lifike kwa mwenyewe likiwa zima.