Siku Wachinjaji Walipofungwa

Fahali alikata kamba saa kumi kasorobo alasiri. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu nilikuwa nimemwuliza baba dakika zimebaki ngapi, naye, bila kuondoa macho uwanjani, akanigeuzia mkono nijisomee saa yake.

Nyinyi mliokulia Kitengela miaka ya tisini mnaujua uwanja ninaousema. Kiangazi ulikuwa vumbi tupu, na mvua ikinyesha udongo mweusi ulikuvua viatu ukabaki navyo. Nyumbu walikatiza karibu na kona, na mchezo ulisimama mpaka wapite. Sisi watoto tulicheza pembeni na mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani, tukifyonza barafu za rangi zilizotuacha na ndimi nyekundu mpaka Jumatatu, mwalimu akatuuliza kama tumeanza kunywa damu.

Kila Desemba Mzee Lemayian, mfugaji wa Kisaju, alitoa fahali mmoja awe zawadi ya mashindano. Na kila Desemba fahali huyo alichukuliwa na timu ya wachinjaji. Walikuwa wanaume wenye mapaja kama magogo, waliokuwa wakiangusha ng'ombe tangu alfajiri. Kuangusha beki kwao yalikuwa mapumziko. Wakishinda hawakumpeleka fahali popote. Walimchinja papo hapo nyuma ya goli, wakawasha moto upande unakotoka upepo, wakala mbele yetu mpaka mifupa. Hakuna aliyewahi kuonjeshwa.

Baba alikuwa karani kule Kajiado, makao ya wilaya yetu, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, aliyekuja kutoka magharibi kwa ajili ya kazi. Mwaka ambao timu ya mtaa wetu ilifungwa mabao sita, nahodha wa wachinjaji alimjia na mfupa. Nahodha huyo aliitwa Mapafu, kwa sababu sauti yake ilisikika mpaka barabara ya Namanga.

"Karani, shika. Pelekea mbwa."

"Sina mbwa," baba akasema.

"Basi ni yako."

Uwanja mzima ulicheka. Baba akavua kofia na kuapa mbele ya watu kwamba nyama haitaingia nyumbani kwake mpaka siku wachinjaji watakapofungwa kwenye fainali. Nafikiri alitarajia mwaka mmoja. Ikawa minne.

Mtu wa mbali hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Kajiado ya wakati ule, nyama ilipatikana kabla ya maji. Sisi tulikula maharagwe, ndengu, mayai, omena, kisha maharagwe tena. Kaka yangu Wekesa alizoea kwenda kusimama nyuma ya hoteli na kipande cha ugali mkononi, akila kwa kufuata harufu. Krismasi moja nyanya alikuja kutoka magharibi na jogoo mnene. Baba akaleta hoja kwamba kuku ni ndege.

"Baba Wekesa, wewe uliapa nyama," mama akamwambia. "Sasa kuku ni nini? Mboga?"

"Tunaweza kuliangalia hilo neno upya."

"Ungeliangalia kabla ya kufungua mdomo."

Jogoo akarudi magharibi kwa basi, akiwa ametalii Kajiado bure.

Kufikia mwaka wa tatu kiapo kilikuwa mali ya mji. "Karani, bado?" watu waliuliza asubuhi. "Bado," baba alijibu, akiendelea na safari. Akina mama wa kanisani waliliombea jambo hilo. Mchungaji alikataa kutaja timu kwa jina madhabahuni, ila alikubali kuomba kwamba wenye nguvu washushwe, na kila mtu akajua anuani.

Mwaka wa nne wachinjaji walikutana fainali na vijana wa Magadi waliokuja kwa lori. Hatukumjua hata mmoja wao. Kabla ya mpira kuguswa mara kumi tulikuwa tunawaita wanetu. Zikiwa zimebaki dakika chache, hakuna aliyefunga, fahali akakata kamba na kuingia uwanjani.

Mtu wa kawaida akiona fahali anakuja, humkimbia. Wachinjaji wote kumi na mmoja, golikipa wao akiwemo, walimkimbilia. Hawakushauriana. Wawili walishika pembe, mmoja mkia, Mapafu akajirusha shingoni, na kufumba na kufumbua fahali alikuwa amelala ubavu, miguu imekusanywa vizuri. Ilikuwa kazi safi, nasema hivyo bila kinyongo. Wakati huohuo kijana wa Magadi, aliyeachwa peke yake na mpira, alitembea nao mpaka golini na kuuweka ndani.

Refa, ambaye alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, akapuliza filimbi na kuonyesha katikati.

"Refa! Si kuna ng'ombe ameingia uwanjani!" Mapafu akanguruma.

"Ng'ombe gani?"

"Huyu nimemkalia!"

"Mimi naangalia mpira. Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Wakamgeukia mwenye fahali. Mzee Lemayian akaegemea fimbo yake. "Kama refa hajaona, mimi ni nani nione?" akasema. "Lakini huyo ambaye hayuko, msimvunje mguu."

Filimbi ya mwisho ilipolia, mji ulipasuka. Akina mama walipiga vigelegele, baba alicheza na tai kichwani, refa akabebwa mabegani. Vijana wa Magadi walijaribu kujiunga nasi, hakuna aliyewatambua. Wakampakia fahali wao kwenye lori wakaondoka bila kuagwa.

Baba alikwenda moja kwa moja kununua nyama, sisi nyuma yake. Bucha ya kwanza ilikuwa imefungwa. Ya pili vilevile. Katika miaka minne hakuna aliyekumbuka kwamba bucha zote za mjini zilikuwa za watu wale wale. Kwenye ngazi ya bucha ya mwisho tulimkuta Mapafu ameketi, vumbi mpaka kope.

"Karani, umefurahi?"

"Sana."

"Basi kula furaha."

Jioni ile baba alikula ugali na sukuma wiki. Aliongeza mara tatu, akalamba vidole, akalegeza mshipi, na kumwambia mama kwamba hajawahi kupikiwa hivyo tangu waoane. Tangu hapo nimejisomea mengi kuhusu kwa nini watu hufurahia kuanguka kwa mwenye nguvu, hata pale wasipopata chochote. Maelezo mengine ni mazuri. Hakuna yaliyonishawishi kama sahani ile.

Siku hizi uwanja ule ni fleti. Vijana wanajua mshahara wa winga wa ng'ambo, ilhali mji wake hawawezi kuuonyesha kwenye ramani, na jirani wa mlango wa pili hawamjui jina. Juzi nilisikia kishindo chumbani kwa mwanangu. Nikamkuta peke yake, visikizi masikioni, anarukaruka kitandani mbele ya simu. Nje mtaa ulikuwa kimya. Timu kubwa anayoichukia tangu utotoni ilikuwa imefungwa.

"Kwa hivyo ulibeti wafungwe?" nikamwuliza.

"Hapana, Dad. Nilibeti washinde. Si huwa wanashinda?"

"Na umepoteza ngapi?"

Alikuwa anacheka mpaka machozi. Akanisogezea kisikizi kimoja, akarudisha lile goli mwanzo ili nami nilione.

"Mia tatu hamsini," akasema.